Kadi ya Grafiki Kongwe au Mpya: Ulinganisho kwa Mnunuzi wa Unguja na Pemba

Juu ya meza yangu ya kazi hapa Mjini Unguja pana kadi mbili za grafiki, yaani zile zinazoichorea kompyuta picha za kwenye skrini, na kila moja ina viini vya hesabu 3584, bila ya kuzidiana hata kimoja. Ya kwanza ni GTX 1080 Ti ya NVIDIA, iliyotoka Machi 2017. Ni nzito, plastiki yake imeshapauka, na ukiifunga ndani ya kasha lazima uiwekee kijiti chini yake ili isiinamie upande mmoja. Ya pili ni RTX 3060 ya kampuni hiyo hiyo, iliyotoka Februari 2021. Ukizifungulia gemu la kawaida kwenye skrini ya 1080p, fremu kwa sekunde zinakaribiana kiasi kwamba mchezaji asiyeambiwa hawezi kujua anachezea ipi. Hata hivyo, ya kwanza inakula wati 250 na ya pili wati 170. Ya kwanza ilizinduliwa kwa dola 699 na ya pili kwa dola 329. Na ukizipa kazi ya kuchora jengo katika Blender, ile mpya inamaliza kwa chini ya nusu ya muda wa ile kongwe.

Nimezitanguliza kadi hizi mbili kwa sababu wateja karibu wote wanaonijia huuliza swali moja, nalo ni ipi yenye nguvu zaidi, na swali hilo halina jibu mpaka nijue mambo mawili: kadi itaingia kwenye kasha gani, na itafanya kazi gani. Katika maduka mengi ya Darajani na Mlandege kadi hizi bado zinaitwa VGA, jina la tundu la buluu la skrini ambalo kadi zenyewe zilishaliacha miaka mingi, na nitalirudia tundu hilo baadaye kwa kuwa lina faida yake kwa mnunuzi mwangalifu.

Hesabu ya viini inavyopotosha

Namba ambayo muuzaji hupenda kuitaja ni ya viini, na hiyo ndiyo namba isiyofaa kabisa kulinganishia kadi za vizazi tofauti. RTX 2060 ya Januari 2019 ina viini 1920. RTX 3050 ya GB 8 za kumbukumbu, iliyotoka Januari 2022, ina viini 2560, yaani theluthi moja zaidi, na bado katika magemu mengi inaachwa nyuma na RTX 2060. Sababu yake ni kwamba kuanzia kizazi cha RTX 30, NVIDIA ilibadilisha mpangilio wa ndani wa chipu. Katika kizazi kilichotangulia vilikuwepo viini vya hesabu za desimali, na pembeni yake viini vya namba kamili, na vya desimali peke yake ndivyo vilivyohesabiwa. Katika kizazi kilichofuata, vile vya pembeni vilipewa uwezo wa kufanya kazi zote mbili na vyote vikaingizwa kwenye hesabu. Ni sawasawa na jikoni kwenye shughuli ya harusi: zamani wapishi walihesabiwa mbali na wakata vitunguu mbali, kisha wakata vitunguu wakafunzwa kupika biriani na wote wakaandikwa wapishi, lakini vitunguu havijikati vyenyewe, na kila vinapohitajika nusu ya hao wapishi huacha masufuria na kushika visu.

Majina nayo yana mitego yake. GTX 1060 ya GB 6 ina viini 1280, ilhali ndugu yake wa GB 3, mwenye jina hilo hilo, ana 1152. RX 580 ya kampuni ya AMD ya Aprili 2017 ina viini 2304, lakini iko nyingine iliyotengenezwa kwa soko la China yenye viini 2048, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina, na hiyo ndiyo inayozagaa katika maduka ya mtandaoni. RTX 3060 ya GB 12 ina njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 192, na ile ya GB 8 iliyokuja baadaye ina biti 128 tu. Kwa hiyo jina pekee halitoshi: muulize muuzaji ukubwa wa kumbukumbu na upana wa njia yake, na akisita, zitafute mwenyewe kwenye simu kabla hujatoa pesa.

Kasha la ofisi na wati 75

Kompyuta nyingi za mezani ninazofungua mimi ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikaletwa hapa, za aina ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Ni mashine imara, lakini pawa saplai zake ni ndogo, mara nyingi wati 240 hadi 300 na ushei, na hazina ile plagi ya pini 6 au 8 ambayo kadi kubwa huhitaji. Katika mashine kama hiyo kadi hutegemea umeme unaopita kwenye tundu la madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, peke yake, na tundu hilo kwa kanuni hutoa wati 75 na si zaidi.

Hapa ushindani kati ya kongwe na mpya haupo tena, kwa sababu mpya imeshinda waziwazi. GTX 750 Ti ya Februari 2014 ilikuwa na wati 60 na GB 2, na kwa wakati wake ilikuwa neema. GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016 ilikuja na wati 75 na GB 4. GTX 1650 ya Aprili 2019 ilibaki kwenye wati 75 na GB 4. Kisha Februari 2024 ikatoka RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70, isiyohitaji plagi, ambayo kwa kasi inakaribia kuwa mara mbili ya 1050 Ti na inaipita kidogo hata GTX 1060 ya GB 6, kadi iliyokuwa ikitaka wati 120 na plagi yake. Zipo zilizotengenezwa fupi kwa ajili ya makasha membamba, kwa hiyo pima kwanza kimo cha kasha lako. Angalizo ni moja: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa, inakula wati 130 na inahitaji plagi, na wauzaji wengi huziita zote "3050" bila ya kutofautisha.

Mpya nayo si lazima iwe bora kwa kuwa ni mpya. RX 6500 XT ya Januari 2022 ina GB 4 tu, na inaunganishwa na madabodi kwa njia 4 za data ziitwazo PCIe badala ya 16. Kwenye madabodi ya kisasa yenye PCIe 4.0 inajitahidi, lakini kwenye madabodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani lenye nusu ya kasi hiyo, ambayo ndiyo tuliyonayo wengi, njia hizo 4 hupitisha takriban GB 4 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ndogo inapojaa gemu huanza kukwama. Katika mashine ya aina hiyo RX 580 ya mwaka 2017 yenye GB 8 inamshinda mjukuu wake huyu bila ya jasho. Isitoshe, 6500 XT haina kabisa kifaa cha kubana video, jambo ambalo kadi za umri wa watoto wa skuli za msingi zilikuwa nalo.

Jitu la 2017 na kadi nyepesi ya 2023

Ulinganisho unaozusha mabishano makubwa kwenye maskani za vijana ni huu wa GTX 1080 Ti na RTX 4060, na ndio ulio na mengi ya kusemwa, kwa sababu kila kadi ina hoja ya kweli. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 kwa dola 299. Ina viini 3072, kumbukumbu ya GB 8, njia ya biti 128, na inakula wati 115. Ukiangalia kasi ya kumbukumbu peke yake utadhani ni kichekesho: kongwe inasafirisha GB 484 kwa sekunde, mpya GB 272. Lakini mpya ina hifadhi ya ndani ya chipu ya MB 24, wakati kongwe haifiki MB 3, kwa hiyo mara nyingi mpya hukipata inachokitaka hapo hapo bila ya kutoka nje kukifuata. Matokeo yake ni kwamba katika magemu ya kawaida kwa 1080p RTX 4060 inaipita 1080 Ti kwa kiasi cha wastani. Haiiachi mbali, lakini inaipita.

Hoja ya kwanza ya kongwe ni kumbukumbu. Gemu linapohitaji zaidi ya GB 8, RTX 4060 hulazimika kuchota ziada kutoka kwenye ramu ya kompyuta kupitia madabodi, nayo imeunganishwa kwa njia 8 tu. Kwenye mashine ya PCIe 3.0, na prosesa zote za mezani za Intel kabla ya kizazi cha 11 ni za aina hiyo au ya chini yake, njia 8 hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Ni kutoka 272 kushuka hadi 8, na mchezaji huiona tofauti hiyo kwa macho: picha inaganda nukta moja, inaendelea, inaganda tena. 1080 Ti yenye GB 11 na njia 16 haifiki huko kwa urahisi.

Hoja za mpya ni nyingi zaidi, na ya kwanza kwetu sisi ni umeme. Kadi hizi zikishughulishwa kikamilifu, tofauti yake ni wati 135. Kijana anayecheza saa 6 kila siku atatumia kwenye kadi kongwe uniti 0.81 za ziada kwa siku, ambazo ni karibu uniti 24 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti kwenye mita yako ya Tukuza. Kisha kuna UPS, ile betri ya kuishikilia kompyuta umeme unapokatika. Nyingi zilizopo majumbani ni za VA 650, na hizo huhimili wati 360 hivi. Kompyuta yenye 1080 Ti na prosesa ya kawaida inaweza kuvuka wati 400 katikati ya mchezo, kwa hiyo umeme unapokatika UPS hupiga kelele mara moja na kuzima, na umebaki na UPS ya pambo. Yenye RTX 4060 huzunguka wati 250 na kitu, na unapata dakika chache za kuhifadhi kazi yako. Kwa visiwa ambavyo umeme wake hupita chini ya bahari, wa Unguja ukitokea Ras Kiromoni hadi Fumba na wa Pemba ukitokea Tanga, na kwa sisi tuliolikaa lile giza la Unguja la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, dakika hizo zina thamani.

Halafu kuna joto. Kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto chumbani. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, katika chumba chenye dirisha moja na pangaboi, wati 250 ni kama kuwasha pasi ndogo na kuisahau chini ya meza. Kadi ya 1080 Ti ikifika nyuzi 84 huanza kujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo ule uwezo uliousoma katika majaribio ya Ulaya, yaliyofanywa kwenye vyumba vya baridi, huupati wote hapa. Dawa ipo: kwa programu kama MSI Afterburner unaweza kuiwekea kikomo cha asilimia 75 ya umeme wake, na upotevu wa fremu huwa mdogo kuliko unavyodhani. Mimi huwafanyia hivyo wateja wote wenye kadi za zamani, wakiomba wasiombe.

La mwisho ni umri wa teknolojia na wa draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, ukiwemo mfululizo wote wa GTX 10, zinaacha kupata draiva za magemu mapya kuanzia Oktoba 2025, na zitabaki na marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Aidha, 1080 Ti haina viini vya kufuatilia miale ya mwanga, vilivyoanza na RTX 20 mwaka 2018, na yako magemu ambayo sasa hayafunguki bila ya viini hivyo. Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 ni mojawapo. DLSS, ule ufundi wa kuichora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili ya mashine, nao ni wa RTX peke yake, ingawa FSR, ufundi kama huo wa AMD, katika matoleo yake ya mwanzo inakubali kadi kongwe bila ya ubaguzi. Anayecheza eFootball na GTA V, na ndio wengi, hatoathirika na lolote katika haya.

Video za harusi na namba 4:2:2

Mwezi wa Shaabani, harusi zinapofululizana kabla ya Ramadhani, wateja wangu hubadilika: wacheza magemu hupungua na wapiga video huongezeka. Mmoja wao ni dada anayepiga video upande wa wanawake, ambako wanaume hatuingii, kwa hiyo kazi yote, kuanzia hina mpaka kutolewa nje kwa bibi harusi, iko mikononi mwake na kwenye kompyuta yake moja. Alikuja na kasha lake akilalamika.

"Fundi, kamera nimebadilisha, mpya. Lakini nikiiweka video kwenye Premiere ninayohariria inakwenda kwa kukatakata, hata muziki hauendani na mtu anavyocheza. Naambiwa GTX 1060 yangu imechoka, ninunue 4060."

"Dada yangu, usinunue kitu bado. Kamera umeiweka kurekodi nini?"

Alikuwa akirekodi kwa H.265, aina mojawapo ya kubana video, ya biti 10 kwa mpangilio wa 4:2:2, unaohifadhi taarifa za rangi mara mbili ya zile za 4:2:0 ya kawaida. Ni uamuzi mzuri kwa nguo za bibi harusi zenye nakshi na kwa ngozi chini ya taa za rangi, lakini kifaa cha kufungulia video ndani ya kadi za NVIDIA kabla ya mfululizo wa RTX 50 hakikuutambua mpangilio huo. GTX 1060 haiwezi, na RTX 4060 aliyotaka kuinunua haiwezi vilevile. Angelipa na kukwama pale pale. Kinachoweza ni grafiki ya ndani ya prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 11, na kasha lake lilikuwa na Core i5-12400, ambayo grafiki yake ya ndani ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, tangu siku kadi ilipofungwa. Niliiwasha, nikaweka draiva ya Intel, nikaichagua katika mipangilio ya Premiere, na video ikatembea. Gharama ilikuwa ni nusu saa na kikombe cha chai. Angekuwa na prosesa ya aina ya F, isiyo na grafiki ya ndani, ningemshauri ama arekodi 4:2:0, ama atafute RTX 5060 ya Mei 2025, ambayo inaifungua 4:2:2 yenyewe.

Kwa kazi ya video, kwa hiyo, tofauti kubwa kati ya vizazi haimo katika fremu bali katika vifaa hivi vidogo vya pembeni. RTX 20 ilileta kifaa bora zaidi cha kubana H.264 kuliko kile cha GTX 10, na picha iliyobanwa kwa ukubwa ule ule wa faili inaonekana safi zaidi. RTX 30 iliongeza kufungua AV1, aina mpya zaidi ya kubana video, na RTX 40 ikaongeza kuibana. Kumbukumbu nayo ina uzito wake: ukiondoa chenga za picha za usiku katika DaVinci Resolve kwa video ya 4K, GB 6 hujaa upesi na programu inakwambia kumbukumbu ya kadi imekwisha, GB 8 inajikaza, GB 12 inapumua. Ndiyo maana mwezi uliofuata dada yule aliporudi akitaka kufanya kazi hiyo hasa, sikumwonesha RTX 4060, ingawa kwenye magemu inaizidi RTX 3060 kwa karibu moja ya tano. Nilimwonesha RTX 3060 ya GB 12.

Wachoraji wa majengo, wale wanaoandaa picha za hoteli za Paje na Nungwi kabla hata msingi haujachimbwa, wamo katika kundi hili hili. Blender hutumia viini vya miale ya mwanga kufanya hesabu ambayo kwenye gemu huonekana kama anasa, na hapo ndipo ile pacha ya viini 3584 inapoachana kabisa na mwenzake.

Kadi iliyotumika

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji, uliokuwa ukizalisha sarafu kwa hesabu za kadi za grafiki, na kadi chungu nzima zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku zikaingia sokoni kwa mara moja. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu. Chipu yake mara nyingi ni nzima. Kinachochoka ni feni, na vile vipande laini vinavyopitisha joto la kumbukumbu, ambavyo hukauka na kupasuka. Vyote hivyo hubadilishwa.

Kwetu adui mkubwa ni chumvi. Tazama lile bamba la chuma la nyuma, linalofungwa kwa skrubu kwenye kasha: likiwa na kutu ya madoadoa, kadi hiyo imeishi karibu na bahari bila ya kutunzwa, na mapezi ya kupozea ndani yake yatakuwa na weupe wa unga. Kadi iliyotoka Ulaya na bamba linalong'aa, hata ikiwa na umri wa miaka minane, naichagua kabla ya kadi ya miaka mitatu iliyokaa kwenye duka la wazi la ufukweni.

Kuna na udanganyifu wa moja kwa moja. Kijana mmoja alikuja na kadi iliyozongwa kipande cha kanga, akaifungua kwa uangalifu kama mtu anayefungua yai.

"Fundi, hii ni 1060, giga sita. Nimeipata kwa bei nzuri sana."

"Umeipata wapi, mwanangu?"

"Kwa mtu, mtandaoni."

Sikuhitaji hata kuiwasha. Nyuma yake palikuwa na tundu la buluu la VGA, na chipu za GTX 10 haziwezi kutoa mawimbi ya zamani ya VGA. NVIDIA iliyaondoa kuanzia kizazi hicho. Tulipoiwasha na kufungua GPU-Z, programu yenyewe iliandika kuwa ni bandia: ndani mlikuwa na chipu ya miaka ya 2010 na 2011 iliyoandikiwa jina jipya. Kwa hiyo, ukiambiwa kadi ni GTX 1060 na ukaliona tundu la buluu, irudishe kwenye kanga yake. Iliyo halali iendeshe kwa nusu saa mbele ya muuzaji, ukitazama joto na kusikiliza feni. Muuzaji anayekataa jambo hilo amekwishakujibu.

Mnunuzi wa Pemba ana jambo la ziada la kulitia akilini. Kadi ikiharibika Wete au Chake Chake inapanda boti kuja Unguja, na mara nyingi inaendelea hadi Dar es Salaam, na nauli na siku zinazopotea hazimo katika bei aliyotajiwa. Kwake yeye kadi mpya yenye wati chache na dhamana ya duka la hapa hapa nchini naiona ina thamani kuliko ile iliyotumika yenye nguvu zaidi, na hapo nakubali kwamba mwenzangu mmoja wa Chake Chake, anayetengeneza kompyuta kama mimi, hakubaliani nami hata kidogo. Anasema feni ya RX 580 anaibadilisha kwa dakika kumi, na ya kadi mpya haipati popote.

Kwa kompyuta mpakato nitasema moja tu, kwamba RTX 4060 ya mpakato inaweza kupewa wati 35 au wati 115 kutegemea mtengenezaji, na zote huandikwa jina hilo hilo. Tafuta wati kabla ya kutafuta rangi.

Kwa kasha la ofisi lisilo na plagi, basi, ningechukua RTX 3050 ya GB 6 bila ya kufikiri mara mbili. Kwa mchezaji mwenye madabodi ya kisasa na pesa ya kununua mpya, RTX 5060 inaizidi 4060 kwa kiasi cha moja ya tano au zaidi kidogo, kwa bei ile ile ya uzinduzi ya dola 299 na wati 145, lakini GB 8 zake zinanitia wasiwasi, na kama anaweza kuongeza, RTX 5060 Ti ya GB 16 itamkaa miaka mingi zaidi. Intel Arc B580 ya Desemba 2024, yenye GB 12 na iliyozinduliwa kwa dola 249, ni nzuri pia, ila isiwekwe kwenye mashine kongwe, kwa sababu bila ya Resizable BAR kwenye madabodi, uwezo unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, inapoteza sehemu kubwa ya kasi yake.

RTX 3060 ya mezani kwangu ndiyo ile aliyoichagua dada wa harusi, na kesho ataifuata. 1080 Ti ina mwenyewe vilevile: kijana wa Kikwajuni anayecheza magemu ya zamani tu ameomba nimshikie mpaka mwisho wa mwezi, apate kwanza pawa saplai ya wati 600, na nimemwambia UPS yake ya VA 650 aiache iwe ya ruta.